Fundi Anajibu: Umeme na Uwashaji wa Matrekta ya Zamani

Barua za safari hii zote zimetoka mkoani Tanga, na karibu zote zinahusu jambo moja: trekta la miaka mingi ambalo mwenye nalo analitegemea kwa riziki yake, lakini linakataa kuwaka pale anapolihitaji. Mvua za vuli zimekaribia na wenye plau wanataka kuwa shambani mapema, kwa hiyo nimejibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingempeleka mtu dukani kununua kifaa asichokihitaji.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina trekta aina ya Massey Ferguson 135 alilotuachia marehemu baba, nami nalitumia kupiga haro katikati ya michungwa na kuvuta tela. Mwaka jana fundi aliondoa dainamo ya asili akaweka altaneta ya gari. Tangu hapo sina raha. Asubuhi taa za mbele zinawaka vizuri, lakini nikizungusha ufunguo hadi mwisho stata inagonga mara moja tu, "ka!", na taa zote zinazimika. Nikibusti kwa pikapu ya jirani linawaka papo hapo. Na likikaa siku mbili bila kazi, betri inakuwa imekufa kabisa. Nimeshabadilisha betri, na sasa muuza vipuri ananiambia stata imechoka. Je, ninunue? Msomaji, Muheza.

JIBU: Marahaba. Stata usinunue, na betri nyingine usinunue, mpaka upime. Katika barua yako ninaona matatizo mawili yaliyokaa pamoja yakaonekana kama moja, na hakuna hata moja kati yake linalonielekeza moja kwa moja kwenye stata.

Tuanze na kugonga mara moja na taa kuzimika. Stata ya injini ya dizeli ya mitungi mitatu kama hiyo ya Perkins hula umeme mwingi sana, ampea 200 au 300, wakati taa zako za mbele hazifiki hata ampea 10. Kwa sababu hiyo kiungo kibovu, yaani mahali ambapo waya umeshika nusunusu kwa kutu au rangi, kinaweza kupitisha umeme wa taa bila shida yoyote, na papo hapo kikashindwa kabisa kupitisha umeme wa stata. Fanya hesabu hii ndogo: kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida ya fundi haiwezi kuuonyesha, kikipitishiwa ampea 250 kinameza volti 2.5. Betri ya volti 12 haina volti 2.5 za kupoteza njiani. Ndiyo maana kupima nyaya za stata kwa kipimo cha ohmu hakukupi jibu lolote la maana, na ndiyo maana watu wengi hubadilisha vifaa vizima wakaviacha viungo vibovu mahali pake.

Kipimo sahihi ni kupima volti zinazopotea wakati stata inapigwa. Kwanza pima betri yenyewe ikiwa imepumzika usiku kucha: ikiwa imejaa itaonyesha takriban volti 12.6, ikiwa nusu itaonyesha 12.2, na ikionyesha 12.0 au chini ya hapo ichaji kwanza, la sivyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Kisha vuta kitufe cha kuzimia injini ili isiwake, weka leva ya gia katika hali huru, na mwombe mtu azungushe ufunguo huku wewe umeshika mita. Waya mmoja wa mita uguse kichwa cha betri cha upande hasi, chenyewe kile cha risasi na si kibano kilichokivaa, na waya mwingine uguse chuma kitupu cha mwili wa stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3 wakati stata inajaribu kuzunguka, umeme wako unapotelea upande wa ardhi. Rudia upande chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye skrubu kubwa ya stata; hapo volti 0.5 ndiyo mwisho wa kuvumilia. Kisha uisogeze ncha ya mita hatua kwa hatua, kutoka kichwani mwa betri kwenda kwenye kibano, kutoka kwenye kibano kwenda kwenye ncha ya waya, na kutoka kwenye ncha ya waya kwenda kwenye chuma cha trekta. Mahali ambapo namba inaruka ndipo penye ugonjwa.

Mimi nashuku waya wa ardhi, ule ambao mafundi wengi huuita ethi, na sababu yangu imo katika maneno yako mwenyewe. Ulipobusti, waya mweusi wa kubustia uliubana wapi? Kama uliubana kwenye chuma cha injini, kama inavyopasa kufanywa, basi uliipatia stata njia mpya ya ardhi, na trekta likawaka papo hapo ingawa betri yako yenyewe huenda haikuwa na kasoro. Fungua boliti inayoshikilia waya huo kwenye mwili wa trekta. Utakuta aghalabu rangi ya zamani chini yake, juu ya rangi pamejaa kutu ya unga, na juu ya kutu umekaa ukoko wa kijani uliotoka kwenye shaba. Kwangua kwa msasa na brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe chenye kung'aa kwa upana wa sarafu, fanya vivyo hivyo kwenye ncha ya waya, kaza kwa boliti yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Unga mweupe au wa bluu ulioota kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya magadi, kwa kuwa magadi huua asidi, lakini hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa ili hata tone lisiingie ndani. Waya ukiwa mwembamba au umekatika nyuzi, weka mwingine wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 50. Waya wa mashine ya kulehemu unafaa sana kwa kazi hii, na ni laini, haukatiki upesi kwa mtikisiko.

Sasa tatizo la pili, la betri kufa ndani ya siku mbili. Hapa namtazama altaneta. Altaneta nyingi za zamani huhitaji umeme kidogo wa kuziamsha, na umeme huo hupaswa kupita kwenye swichi ya ufunguo na kwenye taa ndogo ya chaji iliyoko dashibodi. Fundi asiyetaka usumbufu wa kutafuta waya wa taa hiyo huuunga waya wa kuamshia moja kwa moja kwenye betri. Altaneta inachaji vizuri, kila mtu anaridhika, lakini usiku trekta likiwa limelala waya huo unaendelea kunyonya. Ukinyonya ampea 3 tu, kwa saa 12 za usiku umeondoka na ampea-saa 36, yaani nusu ya betri ya N70, ambayo ni ya ampea-saa 70 hivi. Kulala siku mbili ni kuimaliza.

Kuthibitisha ni rahisi. Zima kila kitu, fungua waya wa ardhi wa betri, na uunge taa ya kupimia ya volti 12 kati ya kichwa hasi cha betri na waya ulioufungua. Taa ikiwaka, kuna kitu kinakula umeme. Chomoa plagi ya altaneta nyuma yake. Taa ikizimika umempata mwizi. Waya wa kuamshia urudishwe kwenye swichi na upitie balbu ya taa ya chaji ya wati 2 hivi. Baada ya hapo taa hiyo itawaka ufunguo ukifunguliwa na kuzimika injini ikishika kasi, na utakuwa umerudishiwa kitu muhimu ambacho fundi alikuondolea, yaani njia ya kujua mapema kwamba trekta halichaji. Injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi, pima betri: volti 13.8 hadi 14.4 ni afya, 12.5 maana yake hakuna chaji, na zaidi ya 14.8 maana yake regyuleta, yaani kidhibiti cha chaji, imeharibika na inaichemsha betri. Angalia pia kwamba lile sanduku la regyuleta la dainamo ya zamani limeondolewa kwenye saketi, maana halina kazi tena na linaweza kuleta shoti.

Jambo la mwisho kwako, na nalisema kwa wote wanaobusti: hakikisha gari mnaloazima umeme ni la volti 12. Malori mengi, yakiwemo mengi ya Fuso, yana betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24, na umeme huo ukiingia kwenye trekta lako unaunguza altaneta na balbu, na betri inaweza kupasuka ikamrushia mtu asidi usoni.

SWALI: Fundi, salaam. Trekta letu linalala karibu na bahari. Nikiwasha taa za mbele, mshale wa geji ya joto unapanda wenyewe, taa za nyuma zinafifia, na indiketa zinawaka zote mbili kwa pamoja. Fyuzi zinaungua mara kwa mara. Kijana wangu sasa ameweka karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Msomaji, Pangani.

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Tafadhali mwambie kijana aitoe karatasi hiyo leo hii. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na katika trekta la zamani waya wa taa hupita karibu sana na bomba la dizeli.

Vifaa kuingiliana namna hiyo, kimoja kikiwashwa kingine kinashtuka, ni dalili ya ardhi iliyokatika. Umeme wa taa ukishindwa kurudi kwenye betri kwa njia yake hutafuta njia nyingine, nao hurudi kwa kupita ndani ya geji na ndani ya balbu za indiketa. Kila taa iwekee waya wake wa ardhi, mweusi, unaokwenda moja kwa moja kwenye boliti moja safi ya chesisi, wala usitegemee mabati ya mataili na ya boneti kupitisha umeme, kwa sababu kila mahali bati linapokutana na bati upepo wa chumvi wa huko kwenu umeshapanda kutu.

Kuhusu fyuzi kuungua, kagua mahali nyaya zinapopita kwenye matundu ya bati na chini ya kiti. Ukikata waya ukaona nyuzi za shaba ndani ni nyeusi au za kijani, usiung'arishe mwisho wake tu ukaunga. Endelea kurudi nyuma, kipande kwa kipande, mpaka ufike kwenye shaba nyekundu inayong'aa. Chumvi na unyevu hupanda ndani ya ganda la waya kwa urefu ambao mtu hadhani, na ninyi mlio ufukweni ni afadhali mbadilishe waya wote kuliko kuunga vipande vya waya uliokwisha kufa. Kiungo kitakachobaki kichomelewe kwa risasi, kivishwe mpira, kisha kipakwe grisi. Utepe wa plastiki peke yake hukusanya maji.

SWALI: Mpendwa Fundi, sisi tuko Shume, Lushoto, na tunatumia Massey Ferguson 165 kuvuta magogo. Kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi haliwaki kabisa. Stata inazunguka polepole, ekzosi inatoa moshi mweupe, basi. Vijana huwasha moto chini ya injini, au hufunga kitambaa kwenye kijiti wakakichovya dizeli, wakakiwasha na kukiweka kwenye mdomo wa chujio la hewa. Juzi mmoja alimwagia petroli kwenye chujio, likalipuka kwa kishindo lakini likawaka. Saa nne jua likitoka, au likiteremshwa Mombo, linawaka bila taabu. Tumeambiwa injini imekwisha, tuifungue yote. Msomaji, Shume.

JIBU: Nashukuru kwa kueleza vizuri, hasa habari ya moshi mweupe, kwa sababu moshi huo unatuondolea nusu ya kazi. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika ndani ya mitungi, ikapulizwa na nozeli, lakini ikatoka bila kuungua. Kama ekzosi isingetoa moshi wowote, ningekwambia utafute dizeli: kitufe cha kuzimia kimerudi mpaka mwisho? Chujio limeziba? Upepo umeingia kwenye pampu? Kwenu dizeli ipo, kinachokosekana ni joto.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa na pistoni mpaka inapata moto wa zaidi ya nyuzi 500, kisha dizeli inapulizwa ndani yake na kuungua yenyewe. Hewa ikiingia baridi, itaishia na joto dogo. Stata ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kuvuja kandokando ya ringi na wa kupoteza joto lake kwenye kuta za chuma. Na kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 tu ya ile ya pwani, kwa hiyo hata kiasi cha hewa kinachobanwa ni kidogo zaidi. Trekta lile lile likiteremka Mombo mambo yote matatu yanakuwa nafuu kwa pamoja. Hiyo si dalili ya injini iliyokufa. Ni dalili ya injini iliyochoka kidogo ambayo imenyimwa msaada wake wa asubuhi.

Na msaada huo ulitengenezwa nayo. Kwenye manifodi ya kuingizia hewa ya injini hizi za Perkins kuna kifaa kidogo kinachoitwa Thermostart. Ndani yake kuna koili inayopata moto kwa umeme. Ikipata moto, mwili wa kifaa hutanuka na kufungua vali ndogo, dizeli hudondoka kutoka kwenye kikopo kidogo kilicho juu yake, huangukia koili iliyoiva na kuwaka, na stata ikipigwa hewa inayoingia kwenye mitungi hupita kwenye mwali huo. Kwa maneno mengine, kile vijana wanachojaribu kukifanya kwa kitambaa na kijiti trekta linaweza kukifanya lenyewe, kwa usalama, kwa kuzungusha ufunguo.

Swali langu kwenu ni kama kifaa hicho bado kipo na bado kinapata umeme. Swichi ya asili ya matrekta haya ina hatua ya kupasha joto kabla ya hatua ya kupiga stata. Swichi hiyo ikiharibika, mara nyingi huwekwa ya gari isiyo na hatua hiyo, na waya wa kupashia joto huachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi. Watafuteni wazee wa kazi waliokuwa wakiliendesha zamani, watakumbuka kama lilikuwa likipashwa joto. Kama swichi imebadilishwa, wekeni kitufe tofauti cha kubonyeza, chenye rilei (swichi kubwa inayoendeshwa na umeme mdogo) na fyuzi yake, kwa waya mnene wa kutosha, maana koili hiyo hula zaidi ya ampea 10 na waya wa taa haufai.

Kisha kagueni hivi. Ondoeni bomba la hewa linalotoka kwenye chujio ili muone ndani ya manifodi. Kikopo kiwe na dizeli. Kwa kawaida hujazwa na bomba la kurudisha dizeli kutoka kwenye nozeli, na mara nyingi nimekuta fundi ameliziba bomba hilo au amelipeleka moja kwa moja kwenye tangi, kikopo kikabaki kikavu na koili ikaungua kwa kuwashwa bila dizeli. Washeni umeme wa kupasha joto kwa sekunde 15 hadi 20 huku mmoja akitazama, uso wake ukiwa mbali. Koili ipate wekundu, na stata ikianza kuzunguka uonekane mwali. Koili isipopata moto, pimeni kwa taa kama umeme unafika. Ukifika na koili bado baridi, nunueni Thermostart mpya, si kifaa cha bei ya kutisha ukilinganisha na kufungua injini. Kifaa kinachodondosha dizeli wakati wote nacho kibadilishwe.

Namna ya kuwasha asubuhi iwe hivi: leva ya mafuta ikiwa imefunguliwa kabisa, kanyaga klachi ili stata isizungushe gia zilizomo kwenye oili nzito, pasha joto sekunde 20, kisha piga stata bila kukatiza umeme wa joto. Lisipowaka ndani ya sekunde 10, acha, pasha tena. Kuing'ang'ania stata kwa dakika nzima huimaliza betri na kuiunguza stata.

Kuhusu stata kuzunguka polepole, kwanza fanyeni kipimo cha volti nilichomweleza msomaji wa Muheza hapo juu. Halafu angalieni oili ya injini. Wengi huku hununua oili namba 40 ya pipa, ambayo chini kwenye joto la Korogwe inaweza kuvumilika, lakini Shume alfajiri ya Julai inakuwa nzito kama asali na stata inahangaika nayo. Tumieni 15W-40. Namba ya mbele, yenye herufi W, inahusu wepesi wa oili ikiwa baridi, na ndiyo mnayoihitaji.

Baada ya hayo yote, kama moshi mweupe unabaki, rekebisheni uwazi wa vali, ambao kwa injini hizi ni milimita 0.30 ikiwa baridi, pelekeni nozeli zikapimwe, na mwisho pimeni kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya mitungi. Kufungua injini kuwe uamuzi wa mwisho unaotokana na kipimo, na si maneno ya mtu aliyesikiliza tu.

Sasa petroli. Nawasihi iwe mwiko. Petroli na etha, ile dawa ya kupuliza ya kuwashia injini, huwaka kabla ya pistoni kufika juu, pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda, na ringi zinavunjika. Baada ya miezi kadhaa ya tiba hiyo kweli injini itakuwa imekwisha. Na siku Thermostart itakapotengenezwa, mtu akimwagia petroli au kupuliza etha kwenye njia ile ile yenye koili nyekundu, mlipuko utatokea kwenye manifodi huku ameinamia hapo hapo. Moto wa kuni chini ya injini nao uachwe: oili na dizeli iliyovuja huganda chini ya sampu, nyaya hupita pembeni, na trekta zima linaweza kuteketea. Kama mnahitaji joto la ziada wakati mnasubiri kifaa, mimineni maji ya moto kwenye rejeta asubuhi, baada ya kuyatoa yaliyolala. Maji yawe ya moto bila kutokota, na yamiminwe polepole.

SWALI: Fundi, mimi ni mama ninayekodisha trekta kwa wakulima wa mahindi. Dereva wangu haliwashi kwa ufunguo tena. Anasimama chini kando ya gurudumu na kugusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya stata, cheche zinaruka, linawaka. Anasema swichi ni mbovu na njia hii haidhuru kitu. Je, ni kweli? Msomaji, Handeni.

JIBU: Si kweli, mama, na ninakuomba umzuie kabla hajaanza kazi kesho. Watu wamekufa kwa namna hii katika nchi nyingi, madereva wazoefu kwa wageni, na kifo chenyewe hakimpi mtu nafasi ya kujirekebisha.

Trekta limetengenezwa lisiwake likiwa kwenye gia. Kwenye Massey Ferguson nyingi za umri huo kuna leva ya mwendo mkubwa na mdogo yenye nafasi ya kati iliyoandikwa S, na chini yake kuna swichi ndogo ya usalama. Leva isipokuwa hapo, umeme hauendi kwenye stata. Bisibisi inairuka swichi hiyo. Siku ambayo trekta limeachwa kwenye gia, na siku hiyo hufika, injini ya dizeli itashika mara moja na trekta litaanza kutembea, na aliyeshika bisibisi amesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Hana pa kukimbilia.

Na huenda swichi ya ufunguo haina ubovu wowote. Kabla ya kununua kitu, mwambie aiweke leva katikati barabara na aitikise kidogo huku akizungusha ufunguo. Likiwaka, hitilafu iko kwenye swichi ya usalama au kwenye waya wake, ambao hukatika kwa mtikisiko au hulegea plagi. Fundi umeme ataona kwa taa ya kupimia mahali umeme unapokomea: kwenye swichi ya ufunguo, kwenye swichi ya usalama, au kwenye waya mdogo wa solenoidi, ile swichi kubwa inayoipitishia stata umeme. Umeme ukifika kwenye waya huo mdogo na stata ikawa kimya, hapo ndipo solenoidi ifunguliwe. Usikubali fundi aunganishe waya kuiruka swichi ya usalama moja kwa moja, hata kama atakuambia ni kwa muda. Ukishafanya hivyo umerudi kwenye bisibisi, ila sasa hatari imefichwa. Gharama ya swichi hiyo ikatwe kwenye kodi ya siku ya kwanza.

SWALI: Trekta langu hulala tangu masika yakiisha mpaka vuli. Kila mwaka nakuta betri imekufa. Nifanyeje? Msomaji, Korogwe.

JIBU: Betri ya asidi ikikaa bila chaji, sahani zake huota ukoko mgumu wa salfati ambao baada ya muda hautoki hata kwa kuchaji. Siku ya mwisho ya kazi ioshe, fungua waya wa ardhi kwanza kisha waya chanya, uiweke mahali pakavu penye hewa, na uichaji kila mwezi mpaka isome volti 12.6 ikiwa imepumzika. Kiwango kikipungua ongeza maji yaliyotoneshwa, si ya kisima wala ya bomba, na usiongeze asidi. Tangi la dizeli liache limejaa ili unyevu usipate nafasi ya kutona ndani yake. Siku ya kurudisha betri, anza na waya chanya na umalizie na wa ardhi, toa maji kwenye kikombe cha chini ya chujio la dizeli, na uvute dizeli kwa pampu ya mkono mpaka uwe na hakika hakuna upepo, kabla ya kugusa ufunguo.